Nafasi ya Mshono

Jumamosi saa nne asubuhi fundi cherehani alivunja sheria yake mwenyewe: alichukua mkasi wa vitambaa akakatia kadibodi. Mkasi ule alikuwa nao tangu anaanza kazi, na kila aliyewahi kuugusa kwa ajili ya karatasi aliambiwa maneno ambayo hakuyasahau upesi. Lakini wembe wa binti yake ulikuwa umekatika ncha, kadibodi ilikuwa ngumu, mradi ulitakiwa Jumatatu, na alama za mradi ziliingia kwenye mtihani wa kumaliza darasa la saba. Basi akakata.

Binti aliitwa Rula. Kwenye daftari la mahudhurio alikuwa na jina jingine, ila wenzake walimpa hilo kwa wembamba wake na kwa jinsi alivyopenda kunyoosha vitu. Hakuweza kupita karibu na picha iliyokaa upande ukutani bila kuiweka sawa. Hata mama yake alikuwa amelizoea, na wateja nao walimwita mama yake Mama Rula.

Mradi wenyewe ulikuwa wa hisabati. Mwalimu wa hisabati, binti aliyetoka chuoni mwaka uleule, aliwaambia wanafunzi kila mmoja achague jengo analolijua, alipime, ataje maumbo yaliyomo, kisha alitengeneze kwa kadibodi, sentimita moja ya kadibodi ikisimama badala ya nusu mita ya jengo. Baadaye waeleze mambo manne ambayo umbo linaweza kufanyiwa: kuhamishwa, kuzungushwa, kuakisiwa na kukuzwa. Wengi walichagua nyumba zao. Mmoja alichagua choo cha kwao kwa sababu kina kuta chache. Rula alichagua jengo jipya la shule, vyumba vinne chini na vinne ghorofani, kwa kuwa ndimo alimosoma: ghorofani, chumba cha mwisho, dawati la nyuma kabisa linalogusa ukuta.

"Kuakisi ndiyo kufanya nini?" mama aliuliza huku akikata.

"Kama kioo, mama. Upande huu na upande ule vinafanana, ila kinyume."

"Hiyo si kukunja kitambaa mara mbili ukakata mara moja? Nimefanya miaka ishirini na moja, na hakuna aliyenipa alama hata moja."

"Na kuzungusha?" Rula alimjaribu.

"Kola. Ukiigeuza vibaya inatazama mgongoni."

Rula alicheka, akaendelea kupiga mistari kwa penseli. Mama alikata alipoonyeshwa. Ila mkono wa fundi una mazoea yake, na mazoea hayamwulizi mwenyewe. Kila alipofika kwenye mstari, mkasi ulipita nje yake, sentimita mbili, sawasawa, bila kupimwa. Walipokwisha kubandika kuta, ngazi na paa ndipo Rula alipoweka futi na kuona.

"Mama, umekata nje ya mstari."

"Nimeacha nafasi ya mshono."

"Kadibodi haishonwi."

"Nguo ya mtoto huachiwa sentimita mbili kila upande. Mtoto anakua."

"Jengo halikui, mama."

Jumatatu asubuhi jengo lilikuwa limekua.

Aliyeligundua kwanza ni Mwalimu Mkuu. Alizoea kuegesha pikipiki yake kati ya ukuta wa jengo na mlingoti wa bendera, na siku hiyo pikipiki haikuenea. Akaiegesha nyuma ya jiko. Wanafunzi waliingia madarasani, wakaona nafasi imeongezeka, wakatawanya madawati na kufurahi kwamba hawagongani viwiko tena. Mwalimu wa hisabati alipima jengo kwa kamba, akakipima na kijumba cha Rula, vikalingana. Zamani jengo lilikuwa mita ishirini na nne kwa nane. Sasa lilikuwa ishirini na sita kwa kumi. Aliwaeleza wanafunzi kwamba kukuza ndiko huko, akampa Rula kumi na nane kwa ishirini. Alama mbili alizikata kwa sababu pande zote hazikukua kwa uwiano mmoja.

Jengo lilikuwa limetanuka, lakini saruji haikuongezeka. Kilichokuwepo ndicho kilichogawanywa, kama unga wa chapati unaposukumwa kuwatosha wageni ambao hawakutarajiwa. Kuta zikawa nyembamba. Ilipofika saa tano na jua kupiga upande ule, mtu aliyesimama uwanjani aliweza kuona ukutani kivuli cha mwanafunzi anayenyoosha mkono na cha yule anayesinzia. Mwalimu Mkuu aliona jambo hilo lina faida. Aliweka kiti chini ya mti wa uwanjani na kuanza kukagua nidhamu kutoka hapo.

Kijumba kilirudishwa nyumbani kikatunzwe mpaka siku ya maonyesho, maana kabati la shule lilivuja. Fundi alikiweka juu ya meza yake ya kukatia, kule kwenye kibanda chake cha ushonaji, chumba kimoja chenye mlango wa bati kilichotazamana na barabara na, ng'ambo yake, geti la shule. Jumanne ilimlazimu kukata sare kumi na mbili za wauguzi. Ngazi za kijumba zikawa zinanasa kitambaa. Akakigeuza nusu mzunguko, ngazi zikaelekea ukutani, akaendelea na kazi.

Jumatano saa mbili asubuhi, fundi akiwa ameinamia sare tangu alfajiri, aliingia muuza vifungo na zipu wa kibanda cha pili, rafiki yake wa siku nyingi, akakaa juu ya magunia ya vipande bila kukaribishwa.

"Shoga, jengo la watoto limetupa mgongo."

"Limefanyaje?"

"Limegeuka. Ngazi ziko huko kwenye ua wa nyuma, mgongo uko getini. Hicho kijumba umekigusa?"

"Nilikigeuza jana. Kilikuwa kinaninasia kitambaa."

"Basi kitazame vizuri. Kati ya milango na ua imebaki hatua moja tu, watoto wanaingia ubavuubavu. Yule mwalimu wa historia, yule mnene, nimemwacha bado yuko nje. Anafundisha kwa kupiga kelele dirishani."

Fundi alizitoa pini midomoni mwake, akazirudisha kwenye mto wake moja moja, kisha akafunga kibanda akaenda kutazama. Hakwenda kulitazama jengo lililogeuka. Kwamba limegeuka alikwisha kuambiwa. Alikwenda kwa sababu tangu Jumatatu usingizi ulikuwa unamruka akiwaza zile kuta nyembamba, na mama akishaanza kuwaza hivyo, hata chai haimshuki.

Mgongo wa jengo hakuna aliyekuwa ameuona tangu siku ya uzinduzi. Ulikuwa umebanana na ua, na huko walipita paka tu. Sasa ulitazama geti na barabara nzima. Mbele jengo lilikuwa na lipu, rangi ya maziwa na mstari wa buluu. Nyuma hapakuwa na lipu. Matofali yalikaa kama meno ya mzee, na palipobaki tupu pamejazwa kokoto na vijiti. Kutoka chini mpaka kwenye paa, upande wa kulia, ulipanda ufa.

Fundi aliukaribia. Aliingiza kiganja kikaingia chote. Alitazama ndani kama anavyotazama mshono wa nguo iliyoletwa kurekebishwa, maana mshono haudanganyi. Aliona mambo matatu. Aliona kwamba kingo za ufa zilikuwa na rangi ya maziwa iliyopenya kutoka kuta za darasani, ikatiririka na kukauka. Aliona kwamba nguzo ya kona, ambayo ufa ulikuwa umeipasua katikati, haikuwa na nondo hata moja. Ndani yake mlikuwa na mifuko mitupu ya saruji iliyokunjwa vizuri na kupangwa, mmoja juu ya mwingine, kama shuka kabatini. Na alipoinua macho mpaka ghorofani, kwenye mwanya wa vidole vinne, aliona kitambaa cha buluu na kipande cha kola nyeupe. Kola ile aliijua. Alikuwa ameishona mwenyewe, na ncha yake ya kushoto ilizidi kidogo.

"Rula," aliita.

Kola iligeuka. "Mama? Tuko kwenye jiografia."

"Sogea mbele. Kaa dawati la mbele."

"Mbele kumejaa, mama."

Siku hiyohiyo aliomba kuonana na Mwalimu Mkuu. Alipoingia ofisini alimkuta na Bwana Kokoto. Huyo ndiye mkandarasi aliyelijenga jengo, na ndiye pia mwenyekiti wa kamati ya shule iliyolikagua na kulipokea. Siku ya makabidhiano alikuwa ametia sahihi pande zote mbili za karatasi, na watu walimpigia makofi mara mbili.

"Karibu ukae, Mama Rula," alisema Mwalimu Mkuu. "Binti yako anatusumbua kidogo na huo mradi wake."

"Nimekuja kwa sababu ya ufa."

"Ufa ni wa Jumatatu," alisema Bwana Kokoto kwa upole. "Jengo langu lilikuwa zima. Wewe ndiye uliyelivuta, mita nzima kila upande. Mtu mnene akivaa shati la mtu mwembamba, mshono ukiachia, utamlaumu aliyeshona?"

"Shati likichanika leo, ndani ya mchaniko nyuzi ni nyeupe. Rangi haijafika. Ule ufa una rangi ndani, baba. Waliopaka rangi waliukuta."

Mwalimu Mkuu alitazama dirishani, ilikokuwa pikipiki yake.

"Na mifuko iliyomo ndani ya nguzo?" fundi aliuliza.

"Mifuko ya nini?"

"Ya saruji."

"Umesema mwenyewe. Ya saruji. Sasa mnataka ushahidi gani zaidi kwamba saruji ilinunuliwa?"

"Ni mitupu."

"Sufuria ikiwa tupu si ndiyo watu wamekula, mama?"

Fundi alikuwa ameishia darasa la saba, na mbele ya watu wenye mihuri alizoea kusema maneno machache na kushika pochi kwa mikono miwili. Siku hiyo alisema kidogo zaidi. Alisema mle ndani mna watoto mia tatu na kumi, na wanapopanda ngazi wote kwa pamoja baada ya mapumziko vumbi linadondoka kwenye ufa kama chaki. Alisema yeye si mjenzi, ila kitu kilichoshonwa kwa uzi mmoja hata kipofu akikishika anajua. Aliomba watoto watolewe mle mpaka jengo litengenezwe.

"Wakakae wapi?" aliuliza Mwalimu Mkuu.

"Hata chini ya ule mti wako."

"Chini ya mti hatutaonekana tumeendelea," alisema Bwana Kokoto. "Sikiliza, Mama Rula, tusikwaruzane, sote ni wazazi hapa. Wewe ni fundi. Kilichotanuliwa hubanwa. Rudi, ukigeuze kijumba kitazame kilikotazama. Kisha kibane upande ule wa kulia, ufa uingie ndani ya mshono. Ushawahi kuficha mchaniko ndani ya mshono?"

Alikuwa amewahi, tena mara nyingi. Mteja huleta suruali iliyochanika kandokando, fundi hupunguza kidogo na kuukunja mchaniko kwa ndani, na mwenye suruali huondoka akitembea kifua mbele.

"Ufa utakuwepo palepale," alisema.

"Utakuwa ndani tu."

"Ndani ndimo walimo watoto."

Mwalimu Mkuu alifungua faili, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba kwamba mradi uliosababisha mali ya umma kupotoka hauwezi kupewa alama, na mwanafunzi asiye na alama za mradi hawezi kufanya mtihani wa mwisho. Akaongeza kwamba Rula amekwisha kusajiliwa hapa kwa mtihani huo, kwa hiyo mwaka huu hahamishiki. Hakusema kwa ubaya. Alimsindikiza mpaka mlangoni na kumwuliza kama anaweza kumpunguzia suruali moja ya kijivu.

Ukumbini alimkuta mwalimu wa hisabati akiwa amekumbatia madaftari.

"Mwanangu, wewe umepima," fundi alimwambia. "Umeona. Lile jengo litasimama?"

Mwalimu alitazama mlango wa ofisi, kisha akatazama viatu vyake.

"Mimi nafundisha maumbo, mama," alisema. "Uzito uko muhula wa tatu."

Kabla ya kubana chochote fundi alijaribu njia nyingine. Alikibeba kijumba kwenye beseni, kimefunikwa kanga, akampelekea mkaguzi wa majengo mjini. Mkaguzi alikiinamia akakitazama pande zote, akakisifu kwa usafi, akasema ofisi yake hukagua majengo na si kadibodi. Fundi akamwambia basi aje alitazame jengo lenyewe. Mkaguzi akasema jengo lenyewe analo tayari, akamwonyesha karatasi yenye sahihi ya Bwana Kokoto mara mbili.

Akajaribu kuongeza nguvu. Alichomeka vijiti vya kufumia kwenye pembe nne za kijumba, akavipaka gundi, akavifunga na uzi wa viatu. Asubuhi alivikuta vimelala mezani, vikavu, kijumba kimesimama kando yake kama kilivyokuwa. Mara ya pili alitumia waya. Waya nao ulitoka. Rula alimwuliza mwalimu wake, akaleta jibu limeandikwa kwenye daftari: umbo likigeuzwa, hugeuzwa pamoja na kilichomo, kugeuza hakuongezi kitu. Kijumba kilikubali kutanuliwa, kuzungushwa na kubanwa. Kuongezewa ambacho jengo halina, kilikataa.

Lilibaki wazo moja ambalo fundi hakumwambia mtu. Jumapili, wakati hakuna mtoto shuleni, angekiweka kijumba sakafuni na kukikanyaga mara moja. Jengo lingekaa chini, na Jumatatu watoto wangekuta kifusi, na kifusi hakiui mtu aliye nje yake. Jumapili alivaa viatu vigumu. Muuza vifungo akapita mlangoni na habari kwamba Bwana Kokoto amemhamishia mlinzi wa shule stoo ya chini ya jengo, yeye na mke wake na watoto wanne, na kwamba mke wa mlinzi amefurahi sana kupata nyumba yenye dirisha. Tangu siku hiyo jengo halikukaa tupu hata saa moja.

Fundi alivua viatu. Alichukua sindano kubwa ya magunia. Akakigeuza kijumba kitazame getini, akazikunja zile sentimita alizoziacha pande zote nne, na upande wa kulia akakaza zaidi kidogo, akapitisha uzi mara mbili. Kadibodi ilishoneka. Alifanya kazi safi kwa kuwa hakujua kufanya kazi chafu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Rula alishika taa ya mkononi, maana mawingu yalikuwa yametia giza chumbani, akamwuliza kama mstari wa penseli bado unaonekana.

"Unaonekana," alisema mama. "Safari hii nimepita juu yake."

Jumatatu jengo lilikuwa mita ishirini na nne kwa nane, mbele mbele na nyuma nyuma. Pikipiki ikaenea. Kona ya kulia ilikuwa na mkunjo wima, mwembamba, uliopendeza kwa mbali kama nakshi. Mwalimu wa hisabati alizirudisha zile alama mbili, Rula akapata ishirini kwa ishirini. Siku ya maonyesho kijumba kilishika nafasi ya kwanza. Bwana Kokoto ndiye aliyetoa cheti, akasema katika hotuba yake kwamba mtoto akifundishwa vizuri anaona mbali. Watu walipiga makofi. Fundi alipiga pia, kwa sababu Rula alikuwa anamtazama.

Kijumba alirudishiwa yeye. Jumatatu iliyofuata, saa moja na nusu, alikuwa anatia uzi kwenye cherehani alipokiona kinatikisika juu ya meza. Hapakuwa na upepo. Kilitikisika kidogo, kikainamia kulia, pale kwenye mkunjo, na uzi wa magunia ukalia. Ndio wakati kengele ya shule hugongwa na watoto mia tatu na kumi kuingia, nusu yao wakipanda ngazi. Fundi alinyoosha mkono wa kushoto akakishika ukutani upande wa kulia. Kikatulia. Alipoondoa mkono kikainama tena. Akaurudisha.

Hakuuondoa mpaka saa kumi jioni, kengele ilipolia na Rula kutokea barabarani na mkoba wake.

"Leo darasani kulikuwa na joto ukutani," Rula alisema. "Kama mtu amenishika mgongo."

"Vizuri," alisema mama. "Niletee maji."

Tangu hapo maisha yalipata ratiba. Rula alimnakilia ratiba ya shule akaibandika juu ya cherehani. Fundi akajua kwamba Jumanne na Alhamisi, saa nne mpaka saa nne na dakika arobaini, madarasa ya ghorofani hutoka kwa michezo, na hapo huweza kula kwa mikono miwili na kwenda uani. Siku nyingine muuza vifungo humshikia dakika tano, ila yeye mkono wake hutetemeka, na siku alipopiga chafya, ubao wa darasa la sita ulidondoka. Kazi ya kushona anaifanya kwa mkono wa kulia na miguu. Mishono inakwenda upande. Wateja wamelalamika.

"Mama Rula, siku hizi unashona kama umelewa," muuguzi mmoja alimwambia, akiwa amevaa sare ambayo bega moja limepanda.

"Nina kitu nimekishika."

"Kiweke chini kwanza."

"Mwanao anasoma wapi?"

Muuguzi alitaja shule hiyohiyo. Akatazama ule mkono, akatazama kijumba, akarekebisha bega lake mwenyewe kwa vidole. Akalipa, akaondoka, na kesho yake mtoto wake akaenda shule kama kawaida, maana kila mzazi aliyeelezwa alifanya hesabu hiyohiyo: mtihani uko karibu, shule nyingine iko mbali, na yule mama si ameshika. Wengine walimletea ndizi. Mwalimu Mkuu, ambaye suruali yake ya kijivu ilibanwa mguu mmoja zaidi kuliko mwingine, hakulalamika hata kidogo. Alianza kumtumia ujumbe mapema kila palipokuwa na mabadiliko: kesho tutachelewa kutoka, Jumamosi kuna masomo ya ziada, tafadhali uwe mahali pako saa moja na robo. Alimwandikia kwa heshima, kama anavyomwandikia mfanyakazi yeyote wa shule, isipokuwa jina lake halikuwamo kwenye orodha ya wafanyakazi.

Aliyekuja kukitazama kijumba kwa karibu ni Bwana Kokoto peke yake. Alikuja mara moja, asubuhi, akasimama mlangoni mwa kibanda na kofia mkononi. Hakumtazama fundi usoni. Aliutazama mkono.

"Kinatulia kabisa ukikishika hivyo?"

"Kinatulia."

"Na uliposhona, juu uliacha nafasi?"

"Juu sikukunja. Kwa nini?"

"Nauliza tu," alisema Bwana Kokoto, akavaa kofia.

Ulikuwa mwezi wa tano wa kushika pale Rula alipotumwa nyumbani saa tano, katikati ya masomo, akiwa na bahasha ya shule na bunda la kadibodi mpya chini ya kwapa. Mama alishtuka kumwona saa hizo, mkono ukasogea, na ng'ambo ya barabara vumbi likatoka kwenye madirisha ya ghorofani. Akaurudisha.

"Nisomee. Siwezi kufungua."

Rula alisoma akiwa amesimama. Kamati ya shule ilimsalimu. Ilimshukuru kwa mchango wake. Ilimjulisha kwamba, kutokana na wingi wa wanafunzi, imepitisha kuongezwa kwa ghorofa ya pili, na kwamba baada ya kushauriana na mkandarasi imeonekana hakuna haja ya saruji, kwa kuwa lile jengo lina sifa ya kutanuka. Aliombwa akivute kijumba kwa juu, sentimita saba, kabla ya Jumatatu. Kisha Rula akasoma mstari wa mwisho, ulioandikwa kwa kalamu chini ya muhuri: Kamati inaomba kujua kama mkono wa pili una kazi.

Fundi aliutazama mkono wa pili. Ulikuwa umeshika kitambaa cha sare, katikati ya mshono.

"Huko juu watakaa akina nani?"

"Darasa la saba, mama. Sisi."

Nje kengele ya mapumziko ililia. Watoto walianza kushuka ngazi, na kijumba kikatetemeka kwenye kiganja chake hatua kwa hatua, kama kifaranga. Alisubiri mpaka wa mwisho aliposhuka. Kisha akamwambia Rula asogeze cherehani, karibu zaidi, karibu zaidi, mpaka meza zikagusana, na ampe kile kipande cha kitambaa kisicho na kazi. Alikiweka chini ya sindano, akaupeleka mkono wa kulia nao kwenye kijumba, akakandamiza kitambaa kwa kiwiko chake, akakanyaga.

Mshono ulikwenda upande. Rula aliutazama, akanyoosha kitambaa, akakirudisha mwanzo.

"Tena, mama," alisema. "Bado dakika kumi na tano."